Bahari Isiyo Tupu: Tathmini ya Command: Modern Operations kutoka Tanga

Jioni ya kwanza nilipomwonyesha mzee wa jirani programu hii ya kuigiza vita, nilikuwa nimeandaa kila kitu kwa majivuno ya mtu aliyekesha siku tatu. Upande wa Bluu ulikuwa na korveti moja (manowari ndogo), boti mbili za doria na meli ya mafuta iliyosheheni. Upande wa Nyekundu ulikuwa na boti tatu za makombora zilizojibanza nyuma ya kisiwa. Na ramani ilionyesha Mkondo wa Pemba wote, kuanzia Pangani hadi Moa. Mzee huyo alikuwa serehangi, kwanza wa majahazi na baadaye wa meli za mwambao, kabla macho hayajaanza kumsaliti. Alivaa miwani yake, akaiinamia kompyuta kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hii bahari ya wapi?" Nikamjibu, "Ni hapa kwetu, mzee. Pale ni Ulenge, kule ni Wete." Akatikisa kichwa. "Sivyo. Bahari ya hapa haiwi tupu namna hii. Wavuvi umewapeleka wapi?"

Tathmini hii imejengwa juu ya swali hilo. Nimeitumia Command: Modern Operations kwa miezi saba katika chumba changu cha Ngamiani, nimetengeneza sinario nne (kwa neno hilo ninakusudia hali ya vita iliyobuniwa, yenye pande zake, silaha zake, saa yake ya kuanza na masharti yake ya ushindi), na nimefikia uamuzi kwamba thamani ya programu haiko pale ambapo wapenzi wengi wa michezo hii hukimbilia kuangalia, yaani kwenye orodha ya makombora na umbali yanakofika. Thamani yake iko kwenye yale inayomficha mchezaji.

Kwanza nieleze bidhaa yenyewe. Ni mchezo wa kivita wa kompyuta uliotengenezwa na WarfareSims na kuchapishwa na Matrix Games mwaka 2019, ukiwa mrithi wa toleo la mwaka 2013. Ukoo wake unarudi nyuma hadi Harpoon, mchezo wa mezani uliobuniwa na Larry Bond, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, na kutolewa mwaka 1980. Neno "mchezo" lisimpotoshe msomaji. Hakuna milipuko ya kupendeza wala mawimbi yanayong'aa. Kuna ramani ya dunia nzima, alama ndogo za rangi na madirisha mengi ya takwimu, kiasi kwamba mpwa wangu aliyekuja akitarajia sinema aliangalia kwa dakika tano na kuomba ruhusa ya kwenda zake kucheza mpira. Bei yake ya kawaida ni karibu dola 80, inayolipwa mtandaoni, na inahitaji kompyuta yenye Windows. Kompyuta yangu ya mitumba inaiendesha, ila kwa joto la Tanga la mwezi wa Februari nililazimika kuiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini yake, na siku moja umeme ulikatika nikiwa sijahifadhi kazi ya saa tatu. Kosa hilo lilikuwa langu, na tangu siku hiyo ninahifadhi kila baada ya robo saa.

Ndani ya programu kuna maghala mawili ya data, moja la miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili na jingine kuanzia mwaka 1980 hadi sasa, yenye maelfu ya manowari, nyambizi, ndege, rada na silaha. Mtu anaweza kupotelea humo wiki nzima akilinganisha kombora hili na lile. Mimi pia nilipotelea humo. Lakini kinachoitofautisha programu hii ni kihariri cha sinario, ambacho kila mnunuzi anakipata bila kulipia zaidi, na ambacho kinamruhusu mtu asiye na cheo wala sare kuchora vita vyake mwenyewe popote duniani, hata mbele ya Raskazone, hapa Tanga.

Nilichagua mazingira ambayo msomaji wa hapa ataelewa mara moja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga, na mafuta ya kupakiwa hapo lazima yapite kwenye mkondo kabla ya kufika bahari kuu. Pande mbili nilizozibuni hazina bendera ya nchi yoyote, na kazi ya Bluu ni moja tu: kuisindikiza meli ya mafuta usiku mmoja ifike salama. Mkondo wenyewe unamsaidia mbunifu. Sakafu ya bahari inashuka ghafla baada ya matumbawe ya pwani, na katikati kina kinapita mita 700. Ndiyo maana silikanti, yule samaki wa kale anayeishi vilindini, alinaswa na nyavu za wavuvi wetu na hatimaye kutengewa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Kina hicho hicho kinabadilisha kabisa hesabu za nyambizi na sona (chombo cha kuzitafuta kwa sauti chini ya maji), kwa maana nyambizi inayotafutwa kwenye maji mafupi ya pwani na ile inayojificha chini ya tabaka la maji baridi vilindini ni matatizo mawili tofauti, na programu inalijua jambo hilo. Sinario yangu ya tatu ilihusu nyambizi. Sitaieleza hapa, kwa sababu nilishindwa kuitengeneza vizuri.

Nirudi juu ya maji. Jambo ambalo programu inalifundisha vizuri kuliko kitabu chochote cha darasani ni upeo wa rada. Dunia imepinda, na mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kombora linaloruka chini karibu na maji halionekani mpaka lipande juu ya ukingo wa upeo. Kanuni yake si ngumu: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha kimo cha kombora, kisha zidisha kwa 4.12, upate umbali kwa kilomita. Antena ikiwa juu ya mlingoti wa mita 16 na kombora likiruka mita 4 juu ya maji, ni 4 jumlisha 2, mara 4.12, yaani kilomita 24.7. Kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde litamaliza umbali huo kwa sekunde 82. Ndani ya sekunde hizo rada inapaswa kuling'amua, mtu anapaswa kuamini anachokiona, amri inapaswa kutolewa na silaha ya kujihami inapaswa kufyatuliwa, ikiwezekana mara mbili. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia, aliiandika hesabu hii kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, kisha akauliza itakuwaje tukiipandisha rada kwenye helikopta iliyo mita 400 angani. Kipeuo cha 400 ni 20. Jumla ni 22. Upeo unakuwa kilomita 90 na zaidi kidogo. Kuanzia dakika hiyo hakucheza tena bila helikopta.

Helikopta nayo ina gharama yake. Kuwasha rada ni sawa na kuwasha karabai baharini. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba taa yao inawaangazia samaki walio chini ya chombo tu, ilhali mtu aliyesimama ufukweni Sahare anaiona ikiwa maili nyingi mbali. Wimbi la rada linakwenda na kurudi likiwa limedhoofika, lakini adui anayesikiliza analipokea katika safari ya kwenda peke yake, likiwa bado na nguvu. Kwa hiyo anayetafuta kwa rada huonekana kabla hajaona. Programu inampa mchezaji uwezo wa kuamua, kwa kila chombo, ni rada ipi iwake na ipi izimwe, na inapompa taarifa iliyopatikana kwa kusikiliza tu, haimpi nukta bali eneo refu la mashaka kwenye ramani, linalopungua polepole kadiri taarifa zinavyoongezeka. Nimekaa mbele ya umbo hilo la mashaka nusu saa nzima nikibishana na nafsi yangu kama niwashe au nisiwashe. Hapo ndipo nilipoamini kwamba dola 80 hazikupotea.

Sasa swali la mzee. Nilipofungua sinario zilizotengenezwa na wapenzi wa programu hii, ambazo zipo kwa mamia na zinapatikana bure, niligundua kwamba katika nyingi nilizozijaribu bahari ni kama uwanja uliofagiliwa: manowari zetu, manowari zao, na kimya. Mbunifu anaweza kujitetea kwamba amekusudia vita vya bahari kuu, mbali na nchi kavu. Lakini matukio mengi ya nusu karne iliyopita yametokea kwenye maji membamba yenye msongamano. Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraq ilifyatua makombora mawili ya Exocet yaliyoipiga manowari ya Marekani USS Stark. Manowari hiyo haikufyatua hata kombora moja la kujihami, na mabaharia 37 wakafa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Julai 1988, katika eneo lile lile, manowari ya Marekani USS Vincennes, yenye mtambo wa kisasa kabisa wa wakati wake, ilifyatua makombora kwa kile ilichodhani ni ndege ya kivita. Ilikuwa ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, na watu wote 290 waliokuwamo walipoteza maisha. Wa kwanza hakufyatua alipopaswa kufyatua, wa pili akafyatua pasipostahili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa rada. Sinario ambayo haimweki mchezaji kati ya matukio hayo mawili ni mazoezi ya kulenga shabaha, hata iwe na silaha za mwaka huu.

Nilianza kuijaza bahari. Niliunda upande wa tatu nikauita Wavuvi, nikaufanya usifungamane na yeyote, kisha nikatafuta kwenye ghala la data boti ndogo kabisa ya uvuvi, nikaiweka mara 60 na kuzibadilisha majina. Mzee ndiye aliyetaja majina, na nilipomaliza nilikuwa na chombo kiitwacho Subira Yavuta Heri kikielea kilomita sita kutoka kwenye boti ya makombora. Boti hizo nilizigawa kwenye maeneo manne, kutoka Kigombe hadi karibu na Moa. Kila eneo huchorwa kwa pointi kadhaa kwenye ramani, na boti hupewa kazi ya doria ndani yake. Inachekesha kidogo kwamba kwa mujibu wa kompyuta mvuvi wa dagaa yuko doria, lakini matokeo yanafanana na ukweli kwa kiasi cha kuridhisha: anazunguka taratibu, anasimama, anageuka bila sababu inayoonekana. Baada ya hapo niliandika mistari michache ya lugha ya kompyuta iitwayo Lua, ambayo programu inaikubali, ili kila sinario inapoanza boti za Nyekundu zipangiwe upya kwa bahati nasibu kundi la wavuvi la kujificha ndani yake. Kwa njia hiyo hata mimi niliyeibuni sijui ziko wapi. Nyekundu niliiongezea pia boti mbili zisizo na watu, kwa sababu baada ya Ukraine kuzitumia dhidi ya manowari za Urusi katika Bahari Nyeusi haiwezekani kubuni sinario ya pwani bila vyombo vya aina hiyo.

Mwalimu wa fizikia alicheza upande wa Bluu mara tatu, nami nikaandika kila kilichotokea. Programu ina ngazi tatu za kanuni za kufyatua silaha, na kwa kuwa maandishi yake yote ni ya Kiingereza, tulizipa majina yetu: Ruksa, Thibitisha Kwanza na Zuia. Mara ya kwanza aliweka Ruksa, ambayo inaruhusu kupiga chochote kisichothibitishwa kuwa ni rafiki. Kabla hajakiweka chini kikombe chake cha kahawa, mzinga wa korveti ulikuwa umezamisha boti 11, zote za wavuvi. Nilikuwa nimepanga kwamba kila boti ya kiraia itakayozama inamnyang'anya mchezaji alama 200, na programu ikampa daraja la chini kabisa, lile la maafa. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza alisema tu, "Inna lillahi." Mara ya pili, kwa aibu, mwalimu aliweka Zuia, na meli ya mafuta ikapigwa makombora manne saa 8 usiku. Mara ya tatu aliweka Thibitisha Kwanza na kuituma helikopta kutazama chombo kimoja baada ya kingine, akihesabu mafuta yake kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi nyumbani. Karibu na saa 10 alfajiri aliipata boti ya kwanza ya makombora. Alikuwa amekwisha kagua boti 37.

Kwa nini boti moja iwe na uzito kiasi hicho? Hapa lazima nimtaje Wayne Hughes, kapteni wa jeshi la majini la Marekani aliyeonyesha katika miaka ya 1990, kwa hesabu fupi, jinsi manowari zinavyopigana kwa makombora. Zamani meli zilipigana kwa mizinga zikimomonyoana kidogo kidogo. Makombora huja kwa mkupuo, na kinachohesabika ni yale yanayopenya baada ya ulinzi kufanya kazi yake. Katika sinario yangu Nyekundu ina boti tatu zenye makombora manne kila moja, yaani 12. Korveti ya Bluu ina uwezo wa kuzuia takriban tisa katika mkupuo mmoja. Matatu yanapenya, na mawili yanatosha kuitoa vitani. Lakini Nyekundu ikipoteza boti moja mapema, yanabaki manane, na kwa mujibu wa hesabu yote yanazuiwa. Tofauti ya boti moja ndiyo tofauti ya korveti kuteketea na korveti kurudi bandarini bila mkwaruzo. Mbunifu asiyeujua ukingo huo atatengeneza sinario ambayo upande mmoja hushinda kila siku, na atadhani tatizo ni wachezaji. Mimi mwenyewe nilikuwa mbunifu wa namna hiyo mwezi wa kwanza, nilipoipa Nyekundu boti tano na kushangaa kwamba hakuna aliyeweza kuishinda.

Hesabu hiyo ina upande mwingine ambao mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa mwaka 2023 yameuweka wazi. Manowari za Marekani za daraja la Arleigh Burke zina mirija 90 au 96 ya kufyatulia makombora, na mirija hiyo haijazwi baharini kwa kawaida. Ikiisha, meli inarudi bandarini. Anayezirushia droni za bei nafuu hahitaji kuzizamisha, anahitaji kuzichosha. Programu inaihesabu risasi na kombora moja moja, kwa hiyo mchezaji anayefyatua makombora mawili kwa kila kivuli atajikuta alfajiri na mirija mitupu huku boti zisizo na watu zikimjia. Huku ndiko kwenye mafunzo ya kweli. Kuhusu Moskva, manowari ya Urusi iliyozama, ambayo Ukraine ilisema iliipiga kwa makombora mawili ya Neptune mwezi Aprili 2022 wakati Urusi ilitaja moto na dhoruba, nimeona watu wakibishana usiku kucha juu ya aina ya rada zake. Ningependa wabishane zaidi juu ya kile ambacho mabaharia wake walikuwa wanakitazama dakika zile.

Programu ina mapungufu, na mengine ni makubwa kwa mtumiaji wa huku. Lugha nimeitaja. Mwongozo wake ni mrefu, na mambo mengi muhimu hujifunzwa kwa kukosea. Udhaifu unaonisumbua zaidi ni kwamba wavuvi wangu hawana woga. Mzinga unapolia, mvuvi wa kweli huzima taa, hukata kamba na kuelekea pwani, akipiga simu njiani kuwaonya wenzake. Mvuvi wa kompyuta anaendelea na doria yake kama kiziwi. Vilevile manowari ya kweli, kabla ya kufyatua, ingepiga wito kwenye redio ya baharini, chaneli ya 16, na ingejifunza mengi kutokana na nani amejibu na nani amenyamaza. Hatua hiyo haikuwapo katika sinario yangu mpaka nilipoitengeneza mwenyewe. Programu inaruhusu mbunifu kumpa mchezaji tendo maalumu la kubofya, nami niliandika tendo la kupiga wito: likibofywa, boti saba kati ya kila kumi zilizo karibu hugeuza omo na kuondoka, na tatu zilizobaki hazisikii, ama kwa kuwa hazina redio, ama kwa kuwa hazitaki kuacha nyavu. Uwiano huo niliupata kwa mzee. Nilipomwuliza kwa nini si kumi kwa kumi, aliniangalia kwa huruma na kusema, "Baba, nyavu zikishatupwa, hata jeshi litasubiri."

Kuna pia kitufe kinachomwonyesha mbunifu kila kitu kilichopo ramani nzima, pande zote. Kinahitajika wakati wa kujenga, na ni sumu wakati wa kucheza. Mwaka 1942 mjini Liverpool, ofisa Gilbert Roberts na mabinti wa jeshi la majini la Uingereza walichora vita vya nyambizi kwenye sakafu ya chumba kikubwa, na makamanda waliokuja kujifunza waliwekwa nyuma ya pazia la turubai lenye matundu ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona akiwa baharini. Pazia lile lilikuwa na kazi ile ile ya eneo la mashaka kwenye skrini yangu. Mtu akikigusa kitufe hicho katikati ya mchezo, hata mara moja "kuthibitisha tu," sinario imekwisha.

Nasi wa Tanga hatuhitaji kwenda Liverpool kuona gharama ya kutojua. Mwezi Novemba 1914 manowari ya Uingereza HMS Fox ilifika hapa ikiongoza msafara wa wanajeshi, na kamanda wake alihofia kwamba bandari imetegwa mabomu ya baharini. Muda ukapotea katika kuyatafuta. Mabomu hayakuwapo. Wanajeshi waliteremshwa upande wa Raskazone wakati Wajerumani wamekwisha kupata nafasi ya kuleta askari wao kwa reli, na mwisho wa mapigano unajulikana: Waingereza walishindwa, pamoja na habari ya nyuki walioshambulia askari. Nimejaribu kuihamishia hali hiyo kwenye zama za sasa katika sinario yangu ya nne: mabomu yanaweza kuwapo au yasiwepo, kompyuta inaamua kwa bahati nasibu, na mchezaji ana meli moja ya kutegua mabomu na muda wa saa tisa kabla jua halijachomoza. Programu ina kazi ya kutega na kazi ya kutegua, zote zikitumia muda unaokaribia uhalisia, na mwalimu wa fizikia aliichukia sinario hiyo kuliko zote. Alitegua mpaka asubuhi asipate kitu. Naihesabu kuwa kazi yangu bora.

Kwa jumla naipa alama nane kati ya kumi. Anayetaka picha na kasi asinunue. Mwanafunzi wa ubaharia, mwalimu wa hesabu mwenye wanafunzi wanaouliza vipeuo vina faida gani, au mtu yeyote anayesoma habari za Bahari ya Shamu na kutaka kuelewa kwa nini meli inashindwa kuiona droni, atapata humo kazi ya mwaka mzima, mradi awe na subira ya kuanza na chombo kimoja na rada moja, na mtu wa karibu anayeijua bahari.

Mtu wa karibu ndiye asiyeuzwa pamoja na programu. Juma lililopita, nikiamini sinario ya meli ya mafuta imekamilika, nilimwita mzee aione kwa mara ya mwisho kabla sijawagawia wenzangu. Aliangalia zile boti 60 zilizotapakaa gizani kutoka Kigombe hadi Moa, akaridhika, kisha akauliza sinario inaanza tarehe ngapi. Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole, akanung'unika kidogo, akahesabu tena. "Hiyo ni kumi na nne ya mwezi," alisema. "Mbalamwezi yote hiyo, nani anakwenda kuvua dagaa?" Nimeisogeza mbele kwa siku 13.